Zamu ya Jua

Kosa litakaloonekana katika habari hii ni langu mwenyewe, nami nalitaja mapema ili msomaji asilitafute kwa watu wengine: nilishika kipimo kimoja, nikawapimia watu wote, nikakiita haki. Sikuwa mwizi wala mlevi. Nilisali kwa wakati, nilisoma kila karatasi iliyonifikia, ya hati za Kiarabu na ya hati za Kizungu nilizofundishwa katika shule ya serikali, na sikupata kumpunja mtu kibaba. Mtu wa namna hiyo akikosea ni vigumu kumwambia, kwa kuwa majibu yote anayo tayari.

Siku zile Wajerumani walikuwa wamekwisha kufikisha reli Morogoro, nami nilikuwa msimamizi wa kinu cha kukoboa mpunga karibu na stesheni. Kinu kilikuwa mali ya mfanyabiashara Mhindi aliyekaa Dar es Salaam. Yeye alikimiliki kwa barua. Mimi nilikaa nacho, nikaujua mlio wake wa afya na mlio wake wa ugonjwa. Mpunga ulitujia kutoka pande za Kisaki juu ya vichwa vya wapagazi, na wanawake wa mjini walileta wao kwa vikapu. Kwangu ada ilikuwa ile ile na foleni ile ile, kwa mwenye magunia na kwa mwenye pishi moja, asubuhi na adhuhuri. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia kanzu yangu ya Ijumaa.

Mke wangu ni Mluguru wa mlimani. Kwao ardhi hufuata upande wa mama, na mama yake ndiye aliyekuwa akigawa zamu za mfereji ulioteremka ubavuni mwa mlima na kunywesha mashamba ya ukoo. Desturi ya huko ni kwamba mkwe mwanamume hautazami uso wa mama wa mkewe, hali chakula mbele yake, wala halitamki jina lake. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwingine apite. Mama akiwa na neno la lazima, hukiambia kitu kingine, naye mkwe akasikia. Wako wanaomwambia mbwa. Mama mkwe wangu alikiambia kinu chake cha kutwangia.

Kiangazi kimoja nilipanda kusaidia kusafisha mfereji, kama impasavyo mkwe. Tulizoa matope, tukabeba mawe ya kujengea kingo zilizobomoka. Kazi ilikuwa ya siku tatu. Siku ya kwanza na ya pili nikaona kwamba wenye mashamba makubwa ya magimbi, yale yaliyoko bondeni, hawakutokea kabisa. Nikamwuliza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, wako wapi.

“Hao ni wa zamu ya jua,” akasema. “Watakuja kesho.”

“Na jua linawazuia kubeba mawe?”

Watu wakacheka, nami nikadhani wanacheka pamoja nami. Nikapanda juu ya jiwe moja kubwa lililokuwa njiani, nikawahutubia. Niliwaambia kwamba mfereji ni mmoja na maji ni mamoja, basi na kazi iwe moja, na kwamba anayemwondolea mwenzake mzigo amempendelea, na upendeleo ni dhuluma. Nikamaliza kwa maneno niliyoyapenda sana wakati ule: haki ni kipimo kimoja.

Shemeji yangu alingoja nimalize. Kisha akasema kwa adabu, “Mwalimu, tafadhali shuka kwenye jiwe hilo. Tunalihitaji ukingoni.”

Jioni ile mama mkwe alikuwa uani akitwanga, amenipa mgongo. Nilipopita kuelekea mlangoni mwa shemeji, nikamsikia akisema na kinu chake: “Wewe kinu una mdomo mpana. Kila unachotiwa unakiponda sawasawa, hata kisichotaka kupondwa.”

Nikasimama kidogo, kisha nikaendelea. Niliamini kwamba amekitukana kinu changu cha stesheni, kwa kuwa wanawake wengi wa mlimani walisema mashine inavunja mchele. Kinyongo hicho nilikiweka moyoni zaidi ya mwaka mzima. Kila niliposikia mashine ikilia, nilimjibu kimoyomoyo kwamba mchele wetu hauvunjiki.

Sasa nieleze namna kinu chetu kilivyokaribia kufa. Mashine yetu iliendeshwa kwa mvuke, na mvuke hula kuni. Reli nayo ilikula kuni. Katika miaka michache vichaka vyote vilivyouzunguka mji vilikuwa vimeingia katika matumbo ya mashine hizi mbili, na wakataji wetu walitembea nusu siku kuutafuta mzigo mmoja. Mwenye mali akaandika kutoka Dar es Salaam. Barua ilikuwa fupi: mpunga wa msimu huu ukiisha, atakuja mwenyewe kuifungua mashine aipeleke Mikese, ambako kuni zilikuwa bado karibu na reli, na huko tayari alikuwa na msimamizi wake.

Nilipoisoma barua hiyo nilielewa kwamba mkate wangu umekwisha. Kwa mtu wa umri wangu, asiye na shamba mjini, kazi iliyobaki ilikuwa katika mashamba ya mkonge, chini ya nyapara na kiboko chake. Nilikuwa na watoto wanne. Watu saba waliokuwa wakifanya kazi chini yangu walikuwa na wao. Na wale wanawake wa vikapu, ambao kwa sababu ya kinu walikuwa wamepata nafasi ya kulima bustani na kuuza mboga sokoni, wangerudi kwenye mchi asubuhi na jioni.

Kuni zilikuwepo mahali pamoja tu. Juu kabisa, kichwani mwa mfereji wa wakwe zangu, palikuwa na msitu mdogo wenye miti minene ambayo haikuwa imeguswa na shoka tangu ukoo ulipofika pale. Nilianza kuufikiria msitu ule. Nilijiambia kwamba miti michache si kitu.

Kabla ya kwenda kuomba jambo zito kama hilo, nilijaribu njia nyingine. Mjerumani mmoja alikuwa amejenga mtambo kando ya mto ushukao kutoka mlimani. Maji yalizungusha gurudumu la chuma, gurudumu likazalisha umeme, na umeme ukapita katika waya mpaka hoteli ya Wazungu, stesheni, na nyumba za wakubwa. Watu waliuita stimu, ingawa hapakuwa na mvuke wowote ndani yake. Waya huo ulipita mbele ya mlango wetu. Kila jioni, sisi tukiwa tumezima moto wa boila, lile pipa la kuchemshia maji ya mvuke, taa za hoteli ziliwaka pasipo mtu kupuliza wala kutia mafuta.

Nikamwendea yule Mjerumani mtamboni. Alikuwa mtu wa makamo, mikono imejaa grisi, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa wapagazi.

“Bei ya stimu unaijua?” akaniuliza.

“Naijua, Bwana. Ni bei ya taa. Kinu si taa.”

“Mita haijui taa, haijui kinu. Inazunguka tu.”

“Kwa bei hiyo, Bwana, kinu kitakula mchele kuliko wateja wake.”

“Basi choma kuni.”

“Kuni zimekwisha.”

Akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. “Sikiliza, msimamizi. Mwenye hoteli analipa bei hii. Stesheni inalipa bei hii. Wewe nikikupa bei nyingine, mimi nimekuwa mtu wa upendeleo. Haki ni kipimo kimoja.”

Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno. Yeye aliyatamka vibaya tu. Nilimshukuru, nikaondoka. Nyuma yake maji yalikuwa yakimwagika kwa kishindo katika mchirizi wa kando, yakirudi mtoni bila kuligusa gurudumu, maana ilikuwa mchana na hakuna aliyewasha taa. Macho yangu yaliyaona maji yale. Akili yangu haikuyaona.

Siku ya pili nikapanda mlimani na mke wangu kwenda kuomba miti. Tulipofika, mama yake alikuwa uani anatwanga, ametupa mgongo kama kawaida, na jirani mmoja mwanamke alikuwa karibu anachambua maharage. Mimi nikakaa mbali, kwenye kizingiti cha shemeji, nikitazama chini.

“Shikamoo, mama,” mke wangu akasema. “Baba watoto ana neno.”

“Marahaba. Kinu kimesikia.”

“Anaomba miti ya juu ya mfereji. Anasema si yote.”

Mchi ukasimama. Kisha ukaanza tena, mzito zaidi.

“Wewe kinu,” mama mkwe akasema, “miti ile ikilala chini, mfereji utakauka kabla mwanao mdogo hajaota meno yote. Halafu utakoboa nini? Vumbi?”

“Mama, kuni zimekwisha mjini,” mke wangu akasema. “Mashine yataka kuhamishwa Mikese. Na yule Mzungu wa stimu amekataa kumpunguzia bei. Anataka alipe kama hoteli inavyolipa jioni.”

“Stimu hiyo inatoka wapi?”

“Katika maji ya mto.”

“Na mchana, hoteli ikiwa imelala, maji hayo yanakwenda wapi?”

Swali hilo liliulizwa kwa kinu, lakini nilijisahau. “Yanamwagika bure,” nikasema kwa sauti.

Mke wangu akanitazama kwa hofu. Jirani akaacha kuchambua. Mama mkwe hakugeuka.

“Leo kinu kinajibu,” akasema, na jirani akacheka mpaka ungo ukamtoka mapajani. “Vema. Basi kisikilize pia. Wewe kinu, ulipanda juu ya jiwe ukatufundisha. Hukuuliza kwa nini mwenye magimbi habebi mawe siku tatu. Alfajiri kila mtu anataka maji, kwa sababu maharage na mboga hupenda umande. Tukifungua wote pamoja, mfereji unapasuka na watu wanapigana majembe. Adhuhuri hakuna anayeyataka. Yanapita mbele ya kila mlango, yanatumbukia korongoni. Magimbi yanayapenda, hata yakiwa ya moto. Basi tunamwambia mwenye shamba kubwa: chukua maji ya adhuhuri, uyachukue kila siku usiruke hata siku moja, na alfajiri utuachie. Nasi tutakupunguzia mawe. Yeye anapata maji mengi. Sisi tunapata umande wetu. Na maji yaliyokuwa hayana mwenyewe yanabeba mawe kidogo, kuliko kutobeba kabisa.”

Akatwanga mara mbili tatu.

“Na hatumpendelei mtu. Mwenye magimbi akitaka zamu ya umande, siku hiyo hiyo anabeba mawe kama sisi. Mimi mwenye shamba dogo nikitaka zamu ya jua, napunguziwa kama yeye. Kinachopunguziwa ni wakati. Kinu kikiwa na masikio, kimesikia.”

Pale kizingitini nilielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilihusu Mjerumani na maji yake. La pili lilikuwa zito zaidi: mama yule hakupata kuitukana mashine yangu hata siku moja. Kinu chenye mdomo mpana, kinachoponda kila kitu sawasawa hata kisichotaka kupondwa, kilikuwa mimi. Mwaka mzima nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya chuma, na aliyekuwa akisemeshwa ni mtu.

Sikuomba tena miti. Tulishuka mlimani, na njia nzima nikapanga maneno yangu kama mtu anayejenga ukingo, jiwe juu ya jiwe. Kesho yake jua lilipokuwa utosini nilikuwa mtamboni. Niliichagua saa hiyo makusudi.

“Umepata kuni?” Mjerumani akauliza.

“Nimepata swali, Bwana. Maji yale yanayomwagika kando sasa hivi, unamwuzia nani?”

Akageuka kuyatazama, kana kwamba nimemwuliza habari za ndugu aliyemsahau. “Simwuzii mtu.”

“Niuzie mimi.”

“Nimekwisha kusema. Bei ni moja.”

“Iwe moja, Bwana, kwa kila mtu wa jioni. Na iwe moja, nusu ya hiyo, kwa kila mtu wa mchana. Gurudumu lako umelinunua zima, na linafanya kazi robo ya siku. Kinu kitalichukua asubuhi jua likiwa limepanda, na kitaliachia kabla taa ya kwanza haijawashwa. Taa za hoteli hazitapungua hata kidogo.”

“Na siku usipokuwa na mpunga?”

Hapo palikuwa na hatari, nami nilijua. “Nitalipia hata hivyo. Kila siku ya msimu, nisiruke hata moja.”

Akanitazama upya. “Na mwenye hoteli akija kulalamika?”

“Mwambie awashe taa zake adhuhuri, nawe umpe bei ya adhuhuri.”

Alicheka puani, kicheko kifupi cha mtu asiyependa kuonekana anacheka. Kisha akasema kwamba kila masika matope huziba mlango wa maji, naye hukosa watu wa kuzoa; kama kinu kitatoa watu siku tatu, atakubali kujaribu mpaka mwisho wa mavuno.

“Siku moja, Bwana,” nikasema. “Siku tatu ni za wenye zamu ya umande.”

Hakuelewa, wala sikumweleza. Lakini aliniona nimesimama imara, akakubali siku moja. Nilipokuwa nikiondoka akaniita. “Nani amekufundisha mambo haya? Umesoma katika kitabu?”

“Hapana, Bwana. Nimeambiwa na kinu.”

Alikuwa na mota iliyoletwa kwa ajili ya karakana ambayo haikujengwa. Tuliifunga mahali pa injini ya mvuke, tukavuta waya kutoka kwenye nguzo iliyokuwa mbele ya mlango, tukaubadilisha mkanda wa kuzungushia mashine. Asubuhi ya kwanza watu wangu saba walisimama mbali, kwa sababu hakuna aliyeamini kitu kisicho na moto. Nikaishusha swichi kwa mkono wangu. Mkanda ukatetemeka, ukajinyoosha, ukaenda. Mlio haukuwa ule niliouzoea. Ulikuwa mwororo na sawasawa, na kwa mara ya kwanza katika kinu kile tuliweza kusemezana bila kupiga kelele. Mchele ukaanza kutoka mweupe. Mzee wetu wa boila, ambaye kazi yake ilikuwa kulisha moto, alikuja akaushika ukuta uliokuwa baridi, akasema, “Sasa mimi nitamlisha nani?” Nikampa kazi ya mizani, akaifanya vizuri.

Tulikoboa msimu mzima. Siku mbili tatu mpunga ulikosekana, nikalipa kama nilivyoahidi, na siku zilizobaki zililipa hizo. Moshi ulitoweka juu ya paa. Wakataji kuni nikawapeleka kwenye magunia.

Mavuno yalipokwisha, mwenye mali alishuka kutoka kwenye garimoshi na mafundi wawili na mizigo ya kamba. Alikuja moja kwa moja kutoka stesheni, akasimama mlangoni akitafuta moshi. Akaingia, akaona mkanda unakwenda, akazunguka mpaka mahali pa boila akakuta tumehifadhi vikapu. Akachota mchele, akaupepeta kiganjani.

“Nimekuja na kamba za kufungia mashine,” akasema.

“Kamba zitafaa, seti,” nikamjibu, maana ndivyo tulivyowaita matajiri wa Kihindi. “Magunia ni mengi, na za kwetu zimekwisha.”

Akakaa juu ya gunia, akacheka, akaagiza chai kwa watu wote. Mashine haikwenda Mikese.

Haikuishia hapo. Mwenye hoteli alikwenda kweli kulalamika, akajibiwa kama nilivyoshauri. Naye, kwa kuwa si mjinga, akahamishia mchana mashine yake ya kutengenezea barafu, akapata bei ile ile niliyoipata mimi. Mjerumani akaandika ubao wenye bei mbili, akautundika mlangoni mwa mtambo mahali ambapo kila mtu aliweza kuusoma. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia kabisa. Bei iliyonongonezwa sikioni mwa mtu mmoja ningeendelea kuiita upendeleo. Hii ilikuwa wazi kwa yeyote aliyekubali kufanya kazi juani.

Nami niliibadili sheria yangu ya kinu. Asubuhi, ambapo kila mtu ana haraka, waliopita mbele ni wanawake wa vikapu. Wenye magunia mengi nikawaambia waje adhuhuri, mashine inapopumua, nao nikawapunguzia ada. Katika wiki moja magomvi ya foleni yaliisha.

Kiangazi kilipokuja nilipanda kusafisha mfereji. Nilibeba mawe siku zote tatu, kisha nikaomba ruhusa ya kusema, nikasimama ardhini. Niliwaambia kwamba nilikuwa nimewahutubia juu ya jambo nisilolijua, na kwamba desturi niliyoiita dhuluma ndiyo iliyokiokoa kinu na kuwaacha watoto wangu karibu nami.

“Jiwe lako liko pale, mwalimu,” shemeji akasema, akionyesha ukingo. “Halijateleza hata kidogo.”

Siku hiyo hiyo nilitoa doti ya kanga na kuku jike, kama desturi inavyotaka mkwe anapoomba kuondolewa mwiko wa kutazamana. Mama mkwe aliviacha juu ya mkeka kwa kitambo, nami nikadhani atavikataa. Kisha akaulaza mchi, akageuka. Ndipo nilipouona uso wake, miaka tisa tangu nimwoe binti yake. Macho yalikuwa yale yale ya mke wangu.

“Mkwe,” akasema, “umekonda. Kwani mchele wote mnawapa Wazungu?”

Tulikula pamoja, na msitu ulikuwa juu yetu, haujapungua mti. Watu wengi wa mjini, mpaka vita vilipokuja, waliamini kwamba mimi ndiye niliyeibuni bei ya mchana, na wengine waliamini ni Mjerumani. Wote wamekosea. Jina la mwenye kuibuni haliruhusiwi kinywani mwa mkwe, hata baada ya mwiko wa macho kuondolewa, wala sitaivunja desturi ya watu walionifundisha kuheshimu desturi. Jina ambalo alinipa ruhusa kumwita, na ambalo nimemwita tangu siku ile, ni Mama.